Daktari wa Ng'ombe Aliyeona Haya Kuuza Riwaya Zake: Maisha ya Jairus Wakoli Khaemba, 1956–2025

Marehemu Jairus Wakoli Khaemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kabuchai, Bungoma, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Khaemba na marehemu Mama Edah Naliaka. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo mkunga alichelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Ng'ombe walimtangulia Jairus tangu siku ya kwanza, naye maisha yake yote hakuwanyima nafasi hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kabuchai kuanzia 1963 hadi 1970, kisha akaenda sekondari Kimilili, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1974. Mwalimu wa Kiswahili alizisoma insha zake mbele ya darasa. Kila mara Jairus aliinama chini ya dawati akijifanya anafunga kamba za viatu, ingawa darasa zima lilijua kwamba hakuwa na viatu. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha afya ya mifugo huko Kabete, akahitimu mwaka 1979.

Serikali ilimwajiri mwaka huo huo na kumpeleka Kitale. Kwa miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu 2016, alizunguka Trans-Nzoia kwa pikipiki akichanja, akitibu na kuzalisha ng'ombe. Cheti chake hakikuwa cha udaktari, lakini watu walimwita Daktari, na akachoka kuwasahihisha.

Kazi ndiyo iliyompatia mke. Mwaka 1982 aliitwa Kapsara kumtibu ng'ombe wa Mzee Kipketer. Ng'ombe alipona siku ya tatu, lakini Jairus aliendelea kwenda kumwangalia kwa miezi mitano. Mwishowe Mzee akamwambia, "Kijana, hii ng'ombe imepona hata imesahau iligonjeka. Sema kitu imekuleta." Jairus akainama kumpima ng'ombe joto tena. Rodah Chelangat, binti wa Mzee, ndiye aliyemjibu baba yake kutoka jikoni: "Amekuja kwa ajili yangu, Baba, na mimi nimekubali." Walifunga ndoa kanisani Kitale tarehe 15 Desemba 1984. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nangila, Ian na Jepchumba.

Kila siku Jairus aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika kwenye madaftari ya shule hadi wakati wa kukamua. Rodah alidhani anaandika ripoti za kazi. Aligundua ukweli alipokuta daftari moja juu ya meza akalisoma hadi uji ukaungua. Hiyo ilikuwa *Mazizi Mawili*, riwaya ya dada wawili waliokosana kwa ajili ya shamba la mama yao. Wachapishaji wawili wa Nairobi waliurudisha mswada, na wa tatu hakujibu. Mwaka 2012 Jairus akaichapisha mwenyewe hapo Kitale, akaleta maboksi nyumbani na kuyasukuma chini ya kitanda.

Kuandika kulikuwa furaha yake, lakini kumwambia mtu "nunua kitabu changu" kulimshinda. Aliona ni kama kusimama sokoni na kujisifu. Rodah alipomhimiza, alijikinga na methali: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Chajiuza, ndiyo," Rodah akamwambia, "lakini si kikiwa chini ya kitanda."

Agosti 2013 kituo kimoja cha redio huko Bungoma kilimwalika kwa nusu saa. Mtangazaji akamkaribisha vizuri: "Daktari, ambia wasikilizaji hiyo kitabu yako inahusu nini." Jairus akakohoa, akasema inahusu familia na mazizi, na kwa kuwa ametaja mazizi, ni vyema wasikilizaji wajihadhari na ugonjwa wa miguu na midomo. Simu zikaanza kuingia, zote za ng'ombe. Aliyepiga mwisho, mama mmoja wa Webuye, ndiye aliyeuliza, "Na hiyo kitabu inaitwa aje, Daktari?"

"Ah, mama, hiyo ni kitabu tu."

Alirudi nyumbani. Watoto walicheka, yeye hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na moyoni aliamini kwamba amejidanganya kujiita mwandishi. Mwaka uliofuata, Rodah alipokwenda Kapsara kumuuguza baba yake, Jairus aliyatoa maboksi matatu chini ya kitanda akampa Gladwell, jirani aliyeuza mandazi karibu na steji ya matatu, ili apate karatasi za kufungia. Rodah aliporudi na kukuta nafasi tupu, hakumgombeza. Aliketi tu kitandani akalia. Jairus alisema baadaye kwamba hilo lilimuuma kuliko barua zote za Nairobi.

Ijumaa ya wiki hiyo, Nasimiyu, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Misikhu, alinunua mandazi kwa Gladwell. Alipomaliza kula, alirudi na karatasi yenye mafuta mkononi.

"Dada, hii karatasi imeisha pahali pabaya. Ile ingine iko wapi?"

"Si ni karatasi tu?" Gladwell akashangaa.

"Ati karatasi tu! Hawa dada wamekutana kwa kaburi ya mama yao, na huyu mkubwa amefungua mdomo. Alisema nini?"

Gladwell akamwelekeza kwa Daktari. Jairus alipomwona mama mgeni langoni alichukua mkoba wake wa dawa na kumuuliza ng'ombe ana shida gani. "Sina ng'ombe," Nasimiyu akasema. "Nataka kujua dada alisema nini." Jairus alisimama pale, mkoba mkononi, machozi yakimlengalenga. Rodah ndiye aliyeingia ndani na kuleta nakala yake mwenyewe.

Baada ya wiki mbili Nasimiyu alirudi, safari hii akiwa na dada yake na kuku. Dada hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa. Jairus alimpokea kuku, akawaketisha, akawaandalia chai kwa mikono yake. Jioni hiyo alikwenda kwa Gladwell kuomba vitabu vyake. Maboksi mawili yalikuwa mazima. La tatu, Gladwell alisema kwa masikitiko, Kitale ilikuwa imekwisha kulila.

Tangu hapo alibeba vitabu kwenye pikipiki pamoja na chanjo. Haya haikumwisha. Kila mara alimaliza kutibu, akanawa, akavaa kofia, akawasha pikipiki, ndipo akasema, "Kuna kitabu hapa pia, kama utapata nafasi." Hata hivyo kilisomwa Kimilili, Misikhu na Endebess, na mwaka 2019 kikafuatwa na *Shemeji wa Mlimani*.

Machi 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Eldoret kwa uvumilivu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari, wauguzi, waumini na majirani waliomshika mkono. Vidole vilipokosa nguvu, alimtamkia Nangila riwaya ya tatu neno kwa neno, naye akaandika. Waliimaliza Aprili 2025. Alimwambia, "Mimi nimepewa zaidi ya nilichoomba. Niliomba msomaji mmoja." Aliaga dunia nyumbani Kitale asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, Rodah akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Rodah Chelangat, watoto Nangila, Ian na Jepchumba, wajukuu watano, ndugu wawili na dada mmoja, na wasomaji wengi ambao hakuwahi kuthubutu kuwahesabu.

Aliagiza kwamba vitabu visiuzwe kwenye mazishi yake, na familia imetii. Lakini Mama Rodah ameomba isomwe hapa kwamba riwaya ya tatu itatoka Desemba, na safari hii atakayeitangaza ni yeye.

Mungu akulaze pema, Daktari. Kazi yako imesomwa.