Papa Muyisa na Bati la Silinda ya Tatu

Ijumaa tarehe 7 Julai 2023, saa nane mchana, Papa Mardochée Muyisa atafunga mlango wa chumba cha uchapaji kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo. Ametumika miaka thelathini na minane kasoro miezi miwili. Alipoanza kazi, Septemba 1985, wengi wetu tutakaompigia makofi siku hiyo tulikuwa bado hatujazaliwa.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ilunga wa logistika, kazi ya kuandika wasifu wake katika programu hii. Waliniambia: wewe ni jirani yake, wewe umepanda gari lake kuliko sisi wote, tuandikie kitu cha kuchekesha. Nimeandika mara tatu, nimechana mara tatu. Zile tatu zilikuwa nzuri kuliko hii, lakini zilikuwa na uongo ndani.

Mstaafu wetu ni mzaliwa wa Lubero, kwenye baridi na viazi. Kazi aliianzia Manguredjipa, akifundisha darasa la tano, mahali ambapo, kwa maneno yake, wanafunzi walijua kupima dhahabu kabla ya kujua kugawanya. Mwaka 1994 alihamishiwa Beni, na mwaka 2003 akaja kwenye ofisi yetu hapa Butembo, akakabidhiwa mashine ya kuchapa mitihani. Tangu siku hiyo hakuna karatasi hata moja iliyovuja. Wazazi walimletea kuku. Kuku walirudi makwao wazima, tena na salamu.

Huwezi kumtaja Papa Muyisa bila kumtaja Kobe. Kobe ni Volkswagen Coccinelle ya mwaka 1971, rangi yake buluu iliyochoka, aliyoachiwa na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Buti lake liko mbele na moteri iko nyuma. Kuna siku mwanajeshi mgeni kwenye kizuizi karibu na Beni aliagiza afunguliwe mbele, akakuta makaratasi ya mtihani tu. Akarudi nyuma hatua mbili. "Eh, vieux, moteri iko wapi? Hii gari inatembeaka na nini?" Papa Muyisa alimjibu kwa upole kwamba moteri imetangulia kumaliza safari. Tulikaa pale karibu saa nzima kwa ajili ya mzaha huo.

Mimi natoka Kamina. Nilitumwa huku mwaka 2013, sijui mtu, sijui Kinande, sina hata koti. Ni yeye aliyekuja na Kobe kunipokea Beni. Njiani nilimwuliza maji ya radiateur yanatiwa wapi, akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Hii haikunywake maji, Papa Ilunga. Upepo njo inaipoza." Akanieleza yote tangu Beni hadi Butembo: kwamba nyuma kuna feni inayozungushwa na mkanda, kwamba mkanda ukikatika unasimama papo hapo hata kama kanisa unaliona, na kwamba mabati meusi yamezifunika silinda ili upepo wa feni usitawanyike, upite palepale penye moto. Nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Laiti ningesikiliza.

Nyumba zetu ziko ndani ya uwanja wa ofisi, yake na yangu zinagusana. Kila Jumamosi asubuhi, wakati ukungu bado uko kwenye mikaratusi, nilimkuta amelala chini ya Kobe juu ya gunia. Supape, ile milango midogo ya silinda, zinapimwa moteri ikiwa baridi, alisema, na Butembo ina baridi ya kutosha moteri zote za dunia. Alikuwa na vibanzi vyembamba vya chuma vya kupimia, amevifunga ndani ya kitambaa cheupe, na daftari la shule ambamo kila kitu kimeandikwa: tarehe, mafuta, mkanda, silinda ya kwanza hadi ya nne. Silinda ya tatu aliipigia mstari kila mara. Hiyo ndiyo inayopata upepo kidogo kuliko wenzake, akasema, kwa hiyo ndiyo ya kuhurumiwa. Moteri nzima aliishusha mwenyewe: boloti nne, tairi kuukuu na ubao. Hakuna fundi aliyewahi kumgusa Kobe. Sisi tulipita tukienda sokoni na kumtania kwamba amemwoa mke wa pili, na Mama Emérence, mke wa kwanza na wa pekee, alitujibu kutoka jikoni kwamba huyo mwenzake angalau haombi kitenge.

Sasa nifike pale nilipochana karatasi mara tatu.

Julai 2016 Papa Muyisa aliishusha moteri, akayasafisha mabati yote, akayapaka rangi nyeusi na kuyaegemeza kwenye ukuta wa ghala la ofisi, maana kwake jua halifiki. Kisha akatumwa Mabalako siku tano kupeleka karatasi. Wiki hiyohiyo tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja. Nikapanga salongo: wote na majembe, wote na mifagio, uwanja ung'ae, kila takataka itoke. Mimi ndiye nilikuwa natoa amri, na amri zilikuwa tamu mdomoni. Akapita Nzanzu, anayegonga mbabula, majiko ya makaa, pale chini ya barabara. Mbabula ya ofisi ilikuwa imetoboka, na Mama Julie, anayetupikia chai, alikuwa analalamika mwezi mzima. Nzanzu akaniambia: mnipe bati lenye nguvu, nitawatengenezea bure.

Nililichukua kwa mkono wangu. Lilikuwa bati la kufunika silinda ya tatu na ya nne, lenye matundu mawili ya duara, pale plagi, zile bougie, zinapopita. Msifikiri sikujua ni la nani. Nilijua. Nilichokuwa nasema moyoni ni kwamba gari ni chuma, na bati ni pambo tu. Mzee ana mabati mengi, hili moja hatalikosa. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimeelezwa kazi ya bati lile na nilikuwa nimeitikia ndiyo, ndiyo.

Mzee aliporudi, Nzanzu alikuwa ameshalikata, ameliunga na kipande cha pipa, na Mama Julie alikuwa anachemsha chai juu yake. Papa Muyisa alizunguka uwanja mara mbili, kisha akaja kwangu. "Papa Ilunga, bati yangu moja ya moteri siioni. Uliona mutu?" Nikamjibu upesi, bila hata kumeza mate: "Hapana, siyaone mutu. Pengine ni bale batoto banaokotaka vyuma." Alinitazama kidogo, akasema haya, akaketi, akapewa kikombe. Nilimwona akinywa. Aibu ya dakika ile ninayo hadi leo, na haijapungua hata tone moja.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka saba, kila siku saa nne ya chai, na sukari.

Alilitafuta bati lile Beni, akalitafuta Goma, akaandika barua hata Kampala. Hakupata. Mwishowe alikata jingine kutoka kwenye bati la paa, akalikunja mwenyewe kwa wiki mbili, lakini halikukaa vizuri, upepo ukawa unatorokea pembeni. Kwenye barabara tambarare Kobe alikwenda salama. Kwenye milima ya kwenda Lubero alichoka. Njia ambayo zamani alipanda bila kusimama sasa ikawa na vituo vitatu: anasimama, anafungua nyuma, anangoja moteri ipoe, Mama Emérence anashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mara mbili supape ya silinda ya tatu iliungua. Mara mbili niliona taa chini ya Kobe alfajiri, na mara mbili nikasikia mzee anajiambia kwamba mikono yake imeanza kuzeeka. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nanyoa ndevu. Niliendelea kunyoa.

Kwenye vituo hivyo vya mlimani Mama Emérence alianza kubeba sufi na sindano, ili asikae bure. Alifuma sweta mbili. Moja alimpa mumewe, na ya pili alinipa mimi, kwa sababu "mutu wa Kamina atakufa na baridi ya huku". Nimeivaa miaka minne. Ninaivaa ninapoandika haya, na inaniwasha mahali ambapo sufi haifiki.

Na bado sijamaliza. Juni 2018 Papa Muyisa alipeleka mitihani Lubero, Kobe akachemka mlimani, karatasi zikafika dakika hamsini baada ya saa iliyopangwa. Watoto mia mbili waliketi wakingoja. Sheria ni sheria: aliyechelewa anaandikiwa barua ya lawama, na barua hizo huandikwa na logistika. Niliiandika. Niliweka maneno "uzembe katika utunzaji wa gari". Niliitia sahihi yangu, naye akaitia ya kwake bila kujitetea. Katika faili lake la miaka thelathini na minane ile ndiyo karatasi pekee yenye doa, na doa lile si la kwake. Ndiyo maana sikuweza kuandika, kama tunavyoandikaga kwa wote, kwamba ametumika bila lawama. Ningekuwa nimesema kweli na uongo kwa pamoja.

Jumatatu iliyopita kamati ilimwita kumwuliza zawadi anayoitaka. Tulikuwa tumefikiria kiti cha kupumzikia, au saa ya ukuta. Alikuwa anakoroga chai. Akasema: "Hapana munipe kiti. Hapana munipe saa. Ile mbabula ya Mama Julie, njo nataka." Watu walicheka mpaka machozi. Mama Julie alikataa: miaka saba haijatoboka, mbabula gani nyingine imefanya hivyo? Papa Muyisa akamwambia hata yeye anajua, bati lile haliogopi moto. Hakunitazama. Hakuhitaji kunitazama. Mimi peke yangu sikucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Tangu lini, sijui. Labda tangu kikombe kile cha kwanza, maana matundu mawili yako upande wa mbele, makaa yakiwaka yanaonekana kama macho, na yeye kila siku aliketi akiyaelekea.

Nilikwenda kwa Nzanzu kumwuliza kama bati lile linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Aliliweka mkononi, akaligeuza, akanirudishia. Lilikatwa, basi. Kisha nikaenda kwa Mkuu wetu nikamwambia yote mnayoyasoma hapa. Barua ya mwaka 2018 imetolewa katika faili la Papa Muyisa. Barua nyingine, yenye jina langu, imeingia katika faili langu, na hiyo nimeiandika bila kuchana.

Kwa desturi zawadi hutolewa na Mkuu. Safari hii ameniruhusu niitoe mimi. Mama Julie, aliyekubali mwishowe kuitoa mbabula, alitaka kuisugua, nikamwomba aniachie. Nimeisugua kwa mchanga na majivu mpaka rangi nyeusi ya Julai 2016 imeonekana kidogo, pembeni, karibu na tundu la pili.

Papa Muyisa, wafanyakazi wote wanakushukuru: kwa karatasi ambazo hazikuvuja, kwa wageni uliowapokea, kwa vicheko vya Jumamosi. Tunaomba miaka yako ya Lubero, unakorudi kuishi, iwe mirefu na ya amani, viazi vizae, na Mama Emérence afume akiwa ameketi nyumbani kwake. Mimi sina haki ya kuongeza baraka juu ya hizo. Nina ombi tu, na utalisoma hapa pamoja na wengine, maana sikuthubutu kulisema kwa mdomo. Ijumaa jioni mtakapopanda mlima na Kobe, kiti cha nyuma kitajaa vyombo, lakini mtu mmoja anaweza kujibana kati ya masanduku. Niacheni nipande. Vituo viko vitatu, na safari hii Mama asishuke. Mawe nitaweka mimi.