Tumbo la Mjukuu wa Wafugaji

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi, viongozi wa mtaa, wauguzi, wazazi wenzangu, nawe baba mkwe uliyeniruhusu kulisema hili hadharani, hamjambo?

Akina mama wamenituma nimuage Mama Mizani, muuguzi aliyewapima watoto wetu, anayestaafu leo. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Nimeolewa kwa wafugaji. Kwao maziwa ndiyo maji. Sasa mwanangu, alipotimiza miaka minne, kila akinywa kikombe tumbo linavimba, linanguruma, anaharisha, anakonda. Wifi yangu akatamka mbele ya watu, "Katika ukoo wetu hajazaliwa wa kukataa maziwa. Wifi, huyu umemtoa wapi?"

Ndugu zangu, mwanamke akiulizwa hivyo, na mtoto ameshika gauni lake, ajibu nini? Mume wangu akainamisha kichwa. Nikafunga nguo nirudi kwetu, ila nikapita kwanza hapa zahanati.

Mama Mizani alinisikiliza, akavua koti, tukarudi wote nyumbani. Akawaketisha wakwe zangu na wifi sebuleni. "Mnataka ushahidi? Kila mtu anywe kikombe kizima cha maziwa, asitoke mtu."

Wakanywa kwa majigambo. Wifi akaongeza cha pili. Baba mkwe akakishika chake kama kaa la moto.

"Mimi leo nimefunga."

"Umefunga na chai ya asubuhi?" akauliza mama mkwe.

Akanywa. Punde tumbo la mwenye mji likahutubia kwa ufasaha kunizidi mimi leo. Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Aliporudi alisema, "Tangu utotoni. Huwa namwagia paka."

"Ndiyo maana paka mnene kuliko ndama!" akadakia mama mkwe.

Mama Mizani akatueleza, "Tumbo la kupokea maziwa ukubwani ni urithi, kama pua. Wengine hulipata, wengine hulikosa, hata wakilelewa zizini. Mtoto huchota kwa baba na kwa mama. Si kosa la mtu. Mpeni mayai, maharage, samaki, mboga."

Leo mwanangu ana mashavu. Babu yake humtembeza mtaani akitangaza, "Huyu ndiye damu yangu. Hao wengine sina hakika."

Na wifi, anayemaliza kopo zima bila hata kucheua, sasa ndiye anayetazamwa kwa jicho la pembeni. Jana alinifuata jikoni, akaninong'oneza, "Wifi, Mama Mizani akistaafu, mimi nitatetewa na nani?"

Mama, pumzika vyema, lakini simu usizime. Nanyi nyote mlionitegea masikio, asanteni sana.