Nukta Mwishoni mwa Anwani

Kwenye basi la asubuhi, mkunga aliyekaa mbele yangu aligundua kwamba jirani yake wa kiti ni fundi wa seva za barua pepe. Masikini fundi, utulivu wake ukaishia hapo.

"Kaka, nilimwandikia mchumba wangu kwamba nakubali kuolewa. Simu yangu mbovu ikabandika nukta mwishoni mwa anwani, seva yenu ikairudisha barua. Si mngeifuta tu hiyo nukta?"

"Dada, leo tunafuta nukta, kesho tunakisia herufi, keshokutwa unaolewa na mwingine."

Tuliokaa nyuma tukacheka.

"Mwenzangu alikonda kwa kungoja, mpaka akaja mwenyewe mlangoni kuuliza."

"Ukamkubalia?"

"Nikamkubalia."

"Basi mshenga wenu ni mimi."

"Mshenga gani anakataa kubeba barua?" mkunga akauliza, na basi likasimama. Akashuka akitabasamu.