Nyumba Iliyoupa Mtaa Mgongo

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni mke wa Sindano mwenyewe, mwaka ambao mjukuu wake mkubwa alianza shule. Mumewe alikuwa mshonaji, mrefu na mwembamba, na jina la Sindano alipewa kijiweni. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao mbele ya duka la kinyozi, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Ng'ambo ya barabara Sindano alikuwa akijenga, na aliyejengewa hakuwepo. Tangu mkewe augue, mwili wake haukuwa ukitoa jasho sawasawa. Joto likizidi alianguka chini. Daktari alimshauri akakae penye baridi, akaenda milimani kwa mdogo wake, akawaacha mume na watoto. Umeme wa mtaa ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo mashine ya baridi haikuwa ya kutegemea. Sindano akaamua kumjengea nyumba isiyohitaji mashine. Ikishindwa, mke harudi tena.

— Ndugu yangu Sindano, — alianza Kinyozi, akifuta wembe, — kila mtu anajenga nyumba itazame barabara. Yako imetupa mgongo. Tumekukosea nini?

— Barabara iko upande jua linakotua. Jua la alasiri ndilo linalochoma. Nimeliwekea ukuta, sikuliwekea dirisha.

— Ukuta mara mbili! — Dereva wa lori akadakia. — Nimeuona kwa macho yangu. Ukuta, nafasi, ukuta tena. Sema ukweli, humo katikati unaficha nini?

— Hewa.

— Hewa! Jamani, mwenzetu anaijengea hewa chumba chake, na mimi na wanangu tunalala tumebanana!

Benchi likatikisika kwa kicheko. Mzee Redio, mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima, akaweka kikombe chini.

— Mnacheka bure. Hilo ni ghala la barafu. Mambo ya nyumba ya kuishi ni geresha tu.

— Barafu gani bila umeme, mzee wangu?

— Ndiyo siri yenyewe! Ungekuwa unaijua, ungekuwa umekaa hapa?

— Mimi nasema nyuki, — alisema Dereva. — Yale matundu ya chini na yale ya juu karibu na paa. Nyuki anaingia huku, anatokea kule, asali inabaki ukutani.

— Nyuki wapi! — Kinyozi akatikisa kichwa. — Siku upepo ukivuma, nyumba itapiga mluzi mtaa mzima tusilale. Na ukizidi, inapaa. Asubuhi tunakuta kiwanja kitupu na kofia ya fundi.

Sindano alicheka nao, lakini kahawa ilikuwa imempoa mkononi. Kila kitu kwenye nyumba ile alikipima kama anavyopima gauni: upenu wa paa utokeze kiasi gani, dari ikae umbali gani na mabati, hewa ipite wapi. Gauni likibana, hufumuliwa. Ukuta je?

— Kesho alfajiri nakwenda kumchukua, — alisema.

Kicheko kikakatika.

— Shemeji anarudi? — Redio aliuliza kwa sauti ndogo.

— Anakuja kujaribu. Asipoiweza nitamrudisha, na sitamsumbua tena.

Akaacha ufunguo kwa Kinyozi, akaondoka.

Hapo ndipo wema ulipowaingia. Kazi moja tu ilikuwa imesalia katika nyumba ile: kufunga nyavu za wadudu kwenye matundu. Sindano alipanga kuzinunua safarini, naye hakumwambia mtu. Wenzake walipoingia kufagia, walichokiona ni nyumba mpya yenye kuta laini na matundu wazi.

— Huyu fundi amekimbia kazi, — alisema Dereva. — Tazama! Hapa chini anaingia nyoka.

— Na huko juu popo, — aliongeza Redio. — Mgonjwa wa watu aje alale na popo?

— Saruji imebaki kule nyuma, — alisema Kinyozi.

Walivua mashati wakakanda saruji. Dereva alipanda ngazi, Kinyozi akalainisha kwa mkono ule ule wa kunyolea watu videvu, Redio akashika ndoo na kutoa maelekezo ambayo hayakuombwa. Waliziba ya chini, wakaziba ya juu, wakapaka na rangi. Kisha walifunga madirisha yote vumbi lisiingie, wakatoka wameridhika kama watu waliomaliza kulea.

Gari lililomleta mke lilifika saa nane mchana, jua limeshika mtaa mzima. Benchi lote lilisimama. Alishuka amejitanda kitambaa chepesi, akawapungia mkono, akaingia ndani. Hakukaa. Alitoka ameshika ukuta, uso mkavu na macho mazito, Sindano akimshikilia kiunoni. Akamlaza kivulini chini ya upenu wa upande wa pili, usioonekana kutoka kijiweni, akamwekea kitambaa cha maji kifuani.

— Mume wangu, — alisema, — umejitahidi sana. Nipumzike kidogo, halafu unirudishe.

Sindano alirudi ndani peke yake. Chumba kilikuwa kama tanuri. Aliinua macho juu, karibu na paa, akatafuta matundu yake asiyaone. Alipapasa ukuta. Rangi ilikuwa mbichi.

Akavuka barabara. Dereva alikuwa akitabasamu tangu alipomwona akitoka.

— Eeh, umeiona zawadi yetu? Tumekumalizia!

— Mkono wa Kinyozi huo, — alisema Redio. — Hutajua hata kama palikuwa na tundu.

Sindano alielekeza kidole upande alikolala mkewe, kisha ukutani.

— Joto lilikuwa litoke pale, — alisema. — Mmelifungia ndani naye.

Kinyozi ndiye aliyekimbia kwanza. Walibeba tindo na nyundo, na safari hii hata Redio alipanda ngazi. Waligonga, vumbi likiwajaa nywele, saruji waliyoilainisha kwa mapenzi ikianguka vipande vipande. Walifungua ya chini, upande wa kivuli. Kisha ya juu. Tundu la mwisho lilipotoboka, Sindano alitoa uzi mfukoni, akaushika mbele yake.

Uzi ulining'inia. Halafu ncha yake ikainuka. Ikanyooka taratibu kuelekea tunduni, kama kuna mtu aliyesimama nje anayeuvuta. Dereva alitoka kwenda kuangalia. Hakukuwa na mtu.

— Mmewasha nini? — aliuliza aliporudi.

— Hatujawasha kitu.

Ubaridi uliingia kwa chini, ukawapita vifundoni, ukapanda miguuni hadi shingoni, na vumbi lililokuwa limetanda chumbani likaanza kupanda juu na kutoka lenyewe. Kinyozi alivua kofia kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Dereva aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakiweka tena. Nje mabati ya jirani yalikuwa yakilia kwa ukali wa jua.

Alasiri ilipoanza kulegea, Sindano alimwingiza mkewe. Alikaa kwenye kiti, akangoja mwili wake umjibu. Ulipomjibu, alivua kitambaa kichwani. Aliwatazama wanaume watatu wenye vumbi waliosimama kando ya ukuta, ambao hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kutaka kuondoka.

— Shemeji zangu, — alisema, — na ninyi kwenu mnalalaje?

Dereva alitazama dirishani, yalipo mabati ya nyumba yake.

Mke wa Sindano alibaki. Hakurudi milimani ila kwa kusalimia. Katika wale wa siku ile, Redio alitangulia, kisha Dereva, kisha Sindano mwenyewe, aliyefia katika chumba kile akiwa na mkono wake mikononi mwa mkewe. Kinyozi yu hai, ila mikono inamtetemeka na hanyoi tena. Mke wa Sindano yu hai, na kila mchana, joto linapozidi, hulala katika chumba kile.