Busati la Mjomba Mselem

Mheshimiwa Bwana Liwali, Bwana DC, masharifu na makadhi wetu, wazee wa Amu na wa Pate, ndugu zangu wa Faza na Kizingitini mliovuka maji tangu alfajiri, mabibi mlioketi kule chini ya turubai, na nyote wageni waalikwa: Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nilipangiwa kusema maneno machache baada ya ndege kutua. Ndege haijatua. Bwana mwenye kuongoza shughuli amenishika mkono sasa hivi akaninong'oneza, "Wazir, waambie watu chochote, wameanza kuinuka." Basi mtaniwia radhi nikisema huku natazama juu. Mimi ndiye mpokezi wa simu ya upepo wa kiwanja hiki cha Manda, na kunisimamisha jukwaani wakati mawingu yako chini namna hii ni sawa na kumwita mpishi barazani na chungu kiko motoni. Mwenzangu Fadhil yuko bandani, vyombo masikioni, anazungumza na rubani na kusikiliza mnara wa Mombasa. Mkiona nageuza shingo mara kwa mara, namtazama yeye.

Tumekuja kufungua kiwanja. Majani yamefyekwa, mawe yamepakwa chokaa, banda limeezekwa mabati, na utepe wa Bwana DC uko pale unapeperuka. Waliofanya kazi hiyo nawashukuru, tena sana. Lakini niseme ukweli, kiwanja hakifunguliwi na mkasi. Hufunguliwa na ndege iliyotua salama, na ndege ya leo ina abiria ambaye sina budi kumtaja. Ni Bi Tima, mamangu mzazi, anarudi kutoka hospitali ya Mombasa. Kwa hiyo msinione nimetulia. Sikutulia hata kidogo.

Wengi mmeniuliza tangu asubuhi, "Wazir, kwani ndege haioni njia? Mbona isije tu?" Swali zuri. Rubani akiwa ndani ya mawingu haoni kitu, hata ncha ya bawa lake. Huruka kwa vipimo, zile saa zilizo mbele yake, na mnara wa Mombasa humshika mkono: kaa urefu huu, fuata njia hii, usishuke mpaka nikuambie. Anga ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni mnara. Kila ndege hupewa ngazi yake, yaani urefu wake angani, na maadamu uko kwenye ngazi yako, hapewi mwingine. Sasa rubani akitoka mawinguni, akaiona bahari na nchi kavu, sheria inamruhusu aseme, "Naacha vipimo, naruka kwa macho." Mnara haumshawishi. Haumwambii, "Mbona sasa waona, shuka upesi." Neno lazima litoke kinywani mwake mwenyewe. Akishalisema, na mnara ukaitikia, mkono umeachiwa. Ngazi yake hupewa mwenzake. Kuanzia hapo kukwepa wingu ni juu yake, kukwepa ndege nyingine ni juu yake, na kurudi mawinguni harudi mpaka aombe upya na apewe nafasi upya. Je, mnauona uzito wa neno hilo dogo, "naona"?

Mimi nimeujua nyumbani. Mamangu macho yalipoanza kumshika, alikuwa akishikwa mkono na dada yangu kutoka ndani hadi ukumbini, akipapasa kizingiti kwa kidole cha mguu. Siku nyingine akipata nafuu kidogo husema, "Niwacheni, naona," nasi humwachia, kisha hujigonga kwenye mtungi. Alikuwa ameona mwanga wa mlango tu, si njia.

Sasa nije kwenye lile ambalo hamtaki nilitaje, kwa maana naona baadhi yenu mmeshaanza kutazama chini.

Mwezi wa Rajabu ilikuja ndege ya majaribio, na ilikuja kumchukua mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yeye huyo Bi Tima. Macho yalikuwa mekundu, anatapika, kichwa kinampasuka, na tabibu wetu wa hapa alisema jambo hili halingoji. Rubani alikuwa huyu huyu wa leo, mnayemwita Bwana Miwani. Aliondoka Mombasa ndani ya mawingu, kwa vipimo. Alipokuwa bado katika anga ya mnara akapata uwazi mpana, akaona ufuo, akaomba kuachiwa, akaachiwa. Akaja chini ya mawingu, kwa macho, mpaka hapa. Kila kitu alifanya sawasawa. Kilichomharibia safari ni ukarimu wetu.

Desturi yetu sote twaijua. Mgeni mkubwa hangojewi mlangoni. Hufuatwa gatini kabla mguu wake haujagusa nchi, akatandikiwa, akarashiwa marashi, akafukizwa udi. Na katika mji wote hakuna aijuaye desturi hii kumshinda mjomba wangu, Bwana Mselem, ndugu wa mamangu tumbo moja, aliyeketi mstari wa mbele na kanzu yake ya kupigwa pasi ikasimama yenyewe. Huyu bwana namsifu mbele yenu. Ukienda kwake hutoki na njaa, na pengine hutoki kabisa mpaka kesho yake. Ni mkarimu asiye na breki.

Basi siku ile ngurumo iliposikika, mjomba alisimama akasema, "Twendeni tukampokee mgeni." Nani angebaki nyuma? Wakalitandika busati lake la Kiajemi katikati ya kiwanja, pale pale ambapo magurudumu yangegusa, wakasimama huku na huku na mirashi na vyetezo. Nikakimbia, nikapiga kelele hadi sauti ikanikauka. Mjomba akanijibu kwa upole kabisa, "Wazir mwanangu, kwani gati ya ndege ni ipi? Si iyi? Wataka mgeni aingie nti ya watu kana mwizi?"

Nimelifikiri swali hilo siku nyingi, na kwa haki halina ubaya. Gati ya ndege ni ipi? Lakini chombo hushusha tanga, kikasogezwa kwa upondo, na mwenye haraka akangoja. Ndege haina upondo, Bwana Mselem. Ikija, imekuja.

Bwana Miwani aliona watu, akainua ndege ikapita juu ya kofia zetu. Uwazi aliojia ulikuwa umeshajifunga, na kabla hatujawaondoa watu wingu likashuka likakifunika kiwanja. Kupanda hawezi, maana ngazi aliyoiacha alikuwa amepewa mwingine aliyetoka Malindi, na ndani ya mawingu wawili hawapishani kwa kubahatisha. Akazunguka chini chini juu ya mikoko hadi karibu na Kizingitini, akiomba mnara umpe nafasi. Alipopewa, mafuta yalitosha kurudi tu. Akarudi. Mamangu alikuwa amelala kwenye machela, pale kivulini mwa banda. Alisikia sauti ikija, ikipita, ikiondoka. Akaniuliza, "Wazir, ishatua?" Nikamwambia bado, mama.

Tukamvusha kwa mashua hadi Mokowe, tukampakia lori, na njia ilikuwa matope matupu. Tulipofika Mombasa, daktari alituambia jicho la kushoto limekwisha. La kulia atajaribu. Amejaribu, na alhamdulillahi limepona.

Tangu siku ile mjomba hajakanyaga kwetu. Mwasema barazani kuwa nimemkataza. Sikumkataza. Na sikumwita pia. Nina hasira naye, nampenda, na nimechoka kuvibeba vyote viwili. Na leo hii, Bwana Liwali, nimepanda jukwaani nikatazama chini, naona nini? Busati. Lile lile, limekunjwa chini ya kiti chake. Msicheke, jamani. Mnacheka, nami usiku sikulala kwa kuhofu litakuja.

Ngojeni kidogo. Fadhil ameinua mkono.

Asema bado wako mawinguni. Rubani ameona tundu, ameliacha likapita. Mnara haukumwambia neno, naye hakuomba. Haya, mtu huyu nampenda. Tundu si uwazi. Anayeacha mkono kwa sababu ya tundu huuona mwisho wake kwenye mtungi, kama mamangu. Lakini kungoja huku kunanila roho, na nadhani hata nyinyi. Kaeni, tafadhalini. Wale wa Faza, kaeni, nawaona. Kamba ile iliyofungwa pembezoni si ya kuanikia nguo. Akishaachiwa na Mombasa, hata Fadhil akimwambia kuwa kiwanja kimejaa watu, au akikiona mwenyewe kimejaa, hana ngazi ya kurudia. Ukarimu wetu wa leo ni kutoonekana. Najua ni jambo gumu kwa watu wa Amu.

Fadhil anakuja mbio. Sema, Fadhil.

Ametoka. Ametoka mawinguni, anauona ufuo wote, ameomba kuachiwa na Mombasa imeitikia. Sasa yuko kwa macho. Na pana salamu pia, ambazo Bi Tima amemwomba rubani azitume, naye amezisema kwa Kiswahili chake hicho cha kuvunjika. Fadhil amezipokea hivi: "Mwambieni Mselem busati atandike nyumbani. N'na ito moya sasa, nataka kuona ndia."

Mjomba, umesikia. Aliyesema ni mwenye jicho, si mimi.

Bwana Mselem ameinuka. Mpisheni. Amelitia busati begani. Mjomba, unakwenda wapi? Mjomba Mselem, huko ni kwenye kamba. Simama hapo, nakuomba, kwa haki ya dada yako. Simama.

Amesimama. Analitandika. Analitandika upande wetu huu wa kamba, mabwana. Ameketi juu yake, mgongo kiwanjani, uso kwetu, na mkono ameunyosha anawaambia watu waketi. Basi yamekwisha. Mwenye kutaka kwenda kiwanjani itambidi amruke Bwana Mselem, na katika mji huu hajazaliwa wa kumruka.

Mjomba, samahani kama nimekuaibisha mbele ya watu. Jioni mwisho mmoja wa busati hilo utaushika wewe, na mwisho wa pili nitaushika mimi, na tutalipeleka nyumbani pamoja. Mlango uko wazi. Chakula, mama atakukaribisha mwenyewe.

Naisikia. Nanyi mnaisikia. Bwana Liwali, Bwana DC, wazee wangu na mabibi, kule juu wako wawili wanaoitegemea njia hii kwa macho, mmoja ana manne kwa miwani yake, na mwingine analo moja. Masikio mmenipa kwa saburi kubwa, nami nashukuru kwa moyo wangu wote. Sasa naomba na miguu: ikae pale pale ilipo, mpaka mamangu ashuke.