Viti Tusivyovikalia

Salamu nimewapa mlangoni, sizirudii. Mwenyekiti wenu ameniomba nizungumze nikiwa nimekaa, kwa ajili ya umri wangu. Nimemwambia kukaa ndiko kulikonimaliza, aniache nishike meza hii nisimame.

Mimi ni mbanguaji wa korosho. Natoka Nachingwea, na nimekuja huku Ruangwa kwa sababu nimesikia na ninyi mmefunguliwa kiwanda. Changu sikitaji jina, wala watu wake siwataji. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa kwangu. Nitasema nilivyoumia.

Mashine ya kubangua mnaijua. Mguu unakanyaga, visu vinabana. Mkono unavuta mpini, ganda linafunguka. Meza zetu zilitengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, sijui alikuwa nani, maana hatukumwona akija kubangua. Ukikaa kwenye benchi lao, mpini uko juu ya bega. Ukijiinua, mguu unaning'inia. Basi kila mmoja akajitengenezea chake. Mimi nilipindua ndoo, juu yake nikaweka gunia lililojazwa sufi, chini ya kisigino nikaweka tofali. Nilikaa tako moja, jingine liko hewani. Gunia la korosho liko sakafuni upande wa kushoto, kila ukitaka kuchota unajipinda kama unayekamua nguo. Na kwa kuwa tunalipwa kwa kilo, nani ainuke ajinyooshe?

Nilijivuna, siwafichi. Korosho zangu zilitoka nzima nzima, nyeupe kama meno ya mtoto. Wasichana waliomaliza sekondari walikuwa wanakuja kunitazama mikono.

Maumivu yalianza kiunoni, kidogo, kama mdudu anayetafuta pa kulala. Nikafunga kanga kwa nguvu. Yakashuka pajani, yakafika kwenye unyayo. Siku moja ya Ijumaa nikaswali, nikarukuu vizuri, nilipotaka kusujudu mwili ukakataa. Nikabaki nimening'inia katikati, kichwa hakifiki chini na mgongo haurudi juu. Binti yangu akaja akanikunja kama mkeka. Tangu siku ile nikawa naswali juu ya kiti kama mgeni rasmi. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Njaa naijua, na kufiwa nakujua. Lakini kushindwa kuweka paji la uso chini mbele ya Mola wangu, nikiwa bado natembea! Nikaomba hilo moja tu nirudishiwe.

Tukaambiwa wanakuja wataalamu kupima kazi yetu, jinsi tunavyokaa, tunavyoinama, tunavyobeba. Watu wa kutusaidia sisi. Mnajua tulifanya nini? Tulifagia. Tukamwagilia vumbi maji, tukavaa vitenge vya sare, na ndoo zetu na matofali na magunia yetu ya sufi tukayarundika nyuma ya stoo. Aibu, jamani. Mgeni atoke mjini aje kuona matambara?

Pembeni yangu alikuwa anakaa mwanamke kijana, wa hawa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi mpaka anaugonga mezani ili uamke. Yeye akasema tusifiche, tuwaeleze. Wenzangu wakamcheka, wakamwambia ng'ombe wamemdekeza. Mkubwa wetu wa mstari akamkalisha kwa sentensi moja.

"Binti, kwenu mgeni akifika anakaribishwa kwa kidonda?"

Akanyamaza. Nami nikaona mkubwa amesema vema. Sisi watu wa huku tumechezwa unyago. Tumefundwa kwamba mwanamke anayelilia maumivu mbele ya watu, kungwi wake ndiye anayetukanwa. Leo hii utamtukanisha kungwi wako kwa ajili ya kiuno?

Wataalamu wakaja. Mmoja alikuwa dada mwenye futi kama ya fundi cherehani. Alipima meza, akapima benchi, akatupiga picha tumekaa wima kama wanawali siku ya kutoka unyagoni. Akauliza nani anaumwa, na wapi. Mkubwa akajibu kwa niaba ya wote kwamba hatuumwi, tunashukuru. Tukampigia vigelegele, tukampa na kuku.

Baadaye msimamizi akatuambia tumeonekana tuko salama. Tukarudisha ndoo zetu. Na aliyetaka kulalamika sasa aliulizwa, si mlisema wenyewe?

Msimu ule ule nilikwama. Nilijipinda kuchota, kitu kikaalika mgongoni kama kuni kavu, nikabaki pale pale. Walinitoa nje na toroli la magunia. Bibi mzima, natolewa kama korosho mbovu, na vijana wa kupakia wanageuza nyuso pembeni kwa heshima. Afadhali wangenicheka.

Nililala chini muda mrefu. Binti yangu alinigeuza, akaniogesha, akanisafisha kama nilivyomsafisha yeye. Msinione nasimama hapa mkadhani nilikuwa na imani muda wote. Sikuwa nayo. Nilikuwa nasikia adhana nageukia ukuta. Nilimwambia Mungu kama hataki nisujudu, basi anichukue tu, na hakujibu hilo wala lile.

Mwishoni wakanipeleka hospitali, kwa kijana wa mazoezi ya viungo. Alinibonyeza kiuno, akaniuliza nafanya kazi wapi. Nilipomtajia akasema mimi si wa kwanza kutoka kwenye mstari ule, na wote tumeharibika upande uleule mmoja. Akaniomba ruhusa ampigie simu yule dada wa futi, kumbe wanafahamiana kikazi.

Dada akaja mpaka kwangu. Nikampa mkeka, nikaanza tena: karibu, hatujambo, tunashukuru. Akasema salamu amezipokea, lakini leo anaomba aone ninavyokaa. Nikamtazama binti yangu, binti yangu akanitazama. Basi nikaagiza ndoo. Nikaagiza gunia na tofali. Wakanishika nikakaa pale uani, tako moja hewani, nikavuta mpini usiokuwepo, nikajipinda kuchota. Nilichota mara chache tu, machozi yakaanza kunimwagika mbele ya mgeni. Kungwi wangu anisamehe huko aliko.

Yule dada hakuandika kitu. Alichuchumaa akalishika lile tofali.

"Bibi," akasema, "siku ile nilipima viti msivyovikalia."

Hakulisema kwa kunilaumu. Ndiyo maana liliniingia.

Alirudi kiwandani bila taarifa, akazikuta ndoo na wenyewe juu yake. Wenye kiwanda walinung'unika, lakini meza zikakatwa miguu. Vikaja viti vyenye egemeo, na ubao wa kukanyagia. Gunia likawekwa juu ya kichanja, usawa wa mkono. Na sasa watu wanabadilishana, anayebangua asubuhi, mchana anamenya ngozi ya korosho kwa kisu. Mimi nimerudi kazini, kwenye kumenya tu, nusu siku.

Mtauliza kuhusu sujudu. Kwa mazoezi ya yule kijana, paji la uso linafika chini. Linafika. Kuinuka siwezi mpaka binti yangu anipe mkono, na daktari amesema ndivyo itakavyokuwa. Nimeshukuru, lakini siwaambii nimepona.

Yule mwenzangu wa pembeni hakungoja meza mpya. Mkono ulimfia akiwa bado anavuta mpini, akarudi kwa wafugaji wenzake, kule walikohamia upande wa Mkotokuyana. Nilimfuata kwa bodaboda kumjulia hali. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono uko mapajani kama kitu cha mtu mwingine, mtoto wake wa kike anakamua ng'ombe, maziwa mengi yanamwagika nje ya kibuyu. Nikamwambia meza zimekatwa. Akasema amesikia, amefurahi kwa ajili yetu. Halafu akasema, "Mlininyamazisha vizuri, bibi."

Namshukuru binti yangu, hakunikunjia uso hata siku moja. Namshukuru kijana wa hospitali, na dada aliyekubali kurudi mahali alipodanganywa kwa adabu.

Nimeambiwa wataalamu wanakuja kwenu nanyi wiki ijayo. Na nilipopita kiwandani kwenu nimeona ukuta mmeshaupaka chokaa. Sawa, kuku mpikieni. Lakini akiuliza inauma wapi, aanze kujibu mdogo wenu, au yule aliyetoka mbali ambaye mnamcheka anavyotamka. Mkubwa asubiri zamu yake. Na wewe mama uliyekaa pale mbele, ambaye tangu nianze unatikisa kichwa, naona ndiwe mkubwa wao. Nakuomba.