Tani Sita za Kyabato: Maisha ya Evarist Kyaruzi, Fundi Boila

Mchungaji wetu, wana ukoo, majirani wa Kanazi na wa Kibeta, na ninyi wageni wa kiwandani mliokaa viti vya mbele ambavyo sisi hatukuwapangia, mimi ni Kokushubila, mwalimu, niliyemfuata marehemu ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Evarist Kyaruzi. Asubuhi hii Meneja wa kiwanda cha juisi cha Kyabato, Bwana Aristides Buberwa, ameniletea karatasi iliyochapwa vizuri, akaniambia, "Ma Kokushubila, tumekurahisishia, wewe soma tu hii," nami nimeisoma, peke yangu, jikoni, na katika mstari wa tisa nimekuta kwamba kaka yangu amefariki "kutokana na uzembe wake mwenyewe". Karatasi hiyo sitaisoma hapa, nitasoma yangu niliyoandika kwa mkono, na mwenye haraka ana ruhusa ya kuondoka.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1969 hapa hapa Kanazi, katika kibanja hiki cha migomba tunachomzikia, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Kyaruzi, alibatizwa mwaka huo huo, na alipata kipaimara mwaka 1984 katika kanisa letu la Kilutheri, ambako alisifiwa kwa kukariri na kulaumiwa kwa kubishana na mwinjilisti. Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1977 na kumaliza darasa la saba mwaka 1983, hesabu akiwa wa kwanza, na hakuendelea kwa sababu mwaka ule baba aliumia mgongo na kibanja kilihitaji mikono, jambo ambalo hakulinung'unikia hata siku moja, ingawa wapo watu wenye shahada waliokuja kumkumbusha baadaye, tena mbele ya wenzake, kwamba yeye ni wa darasa la saba.

Mwezi Mei 1988 aliajiriwa kuwa mchochea moto katika kiwanda kimoja cha kahawa mjini Bukoba, akafundishwa boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, na mzee Zahoro, ambaye alikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi hagusi vali yoyote mpaka aweze kueleza, akiwa amefumba macho, maji yako wapi na moto uko wapi. Mwaka 1996 alifanya mtihani wa uendeshaji wa boila akafaulu, na kuanzia hapo hadi mwaka 2014, miaka kumi na minane, hakuna aliyeungua hata kidole kwenye zamu yake. Naomba wanaoandika neno uzembe waandike na hiyo miaka kumi na minane.

Alifunga ndoa takatifu na Joyness tarehe 5 Oktoba 1996, wakahamia Kibeta mwaka 1999 kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nancy aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1998, ambaye ni muuguzi, na Onesphory aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2001, ambaye amesomea mitambo kama baba yake, na ambaye kila atakapoomba kazi ataulizwa kama yeye ndiye mtoto wa yule Kyaruzi wa Kyabato. Ndiyo maana mstari wa tisa umenifanya niache kupika uji wa waombolezaji nikakaa chini kuandika.

Tarehe 1 Julai 2014 alijiunga na kiwanda cha juisi ya nanasi na ndizi cha Kyabato, wilayani Muleba, ambako alikuta boila ndogo iliyochoka, akaitunza miaka minane zaidi ya ilivyostahili, mpaka mwaka 2022 uongozi ulipokubali kununua nyingine na kuunda kamati ya watu saba, ambao kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kufungua mlango wa tanuru. Marehemu hakualikwa, lakini tarehe 4 Agosti 2022 aliwaandikia barua ya kurasa mbili, ambayo nakala yake anayo Joyness, akawaambia kwa heshima zote kwamba boila haichaguliwi kwa kung'aa, bali kwanza mtu ajue kiwanda kinakula mvuke kiasi gani katika saa yake mbaya kuliko zote, ile saa ambayo juisi inachemka, matangi yanasafishwa na chupa zinaoshwa kwa pamoja, na yeye alikuwa ameipima saa hiyo akapata tani tatu na nusu za mvuke. Aliwaeleza kwamba ziko boila ambazo moto hupita ndani ya mirija na maji hukaa nje yake, ambazo ni nzito, huchelewa kupata moto, lakini huvumilia maji mabaya na mabadiliko ya kazi, na ziko zile ambazo maji ndiyo hupita ndani ya mirija na moto huizunguka, ambazo hupata mvuke upesi na ni nzuri sana kwa mwenye maji safi yaliyotibiwa, na kwamba maji ya chemchemi ya Kyabato huacha ukoko mweupe hata kwenye birika la chai, sembuse ndani ya mirija hiyo. Akashauri boila ya mirija ya moto, ya tani nne za mvuke kwa saa, inayochoma kuni na makapi ya kahawa, kwa kuwa makapi Muleba yanatupwa, na dizeli inatoka mbali, na vipuri vyake vinapatikana Mwanza bila kumpigia simu mtu wa ng'ambo.

Kamati ilikubali makapi tu, ikanunua boila iliyotumika, ya mirija ya maji, na sababu iliyotangazwa kwenye kikao cha wafanyakazi ni kwamba ile ya Kyaruzi ni ya tani nne, na hii ni ya tani sita. Hapa nawaomba mnisikilize, kwa sababu kaka yangu amekufa kwa neno hilo moja. Sisi ni watu wa kahawa, tukisikia tani tunaona magunia kwenye mizani, na wale saba nao, pamoja na shahada zao, walisoma kwenye karatasi ya muuzaji "tani sita" wakafurahi, bila kujua kwamba hizo tani sita ni uzito wa boila yenyewe, yaani chuma, kile ambacho winchi inanyanyua, na kwamba mvuke wake kwa saa ulikuwa tani moja na nusu, umeandikwa mstari wa chini kwa herufi ndogo. Marehemu alisimama pale pale akasema, kwa adabu ya kwetu, "Waitu Meneja, sufuria yenye uzito wa kilo tatu haipiki ugali wa kilo tatu," watu wakacheka, na Bwana Aristides akamjibu, "Ta Kyaruzi, mtu wa darasa la saba ndiye atatufundisha kusoma?" wakacheka tena, na siku hiyo kaka alirudi Kibeta akakataa hata matoke.

Boila ilifika tarehe 17 Novemba 2022, na haikuchukua mwezi kila mtu akajua kwamba mvuke hautoshi, presha inashuka, juisi inakaa nusu mbichi, lakini aliyekosea hakuwa tayari kusema amekosea, akaona heri kuilazimisha. Ikachochewa kupita uwezo wake, ukoko ukajaa kwenye mirija, kamati ikaahidi mtambo wa kutibu maji ambao hadi leo sijauona, na kwa kuwa ile kinga inayozima feni ya moto maji yakipungua ilikuwa ikizima mara nne mara tano kwa zamu na kuchelewesha uzalishaji, tarehe 14 Januari 2025 Meneja aliamuru iunganishwe waya isizime tena. Marehemu aliandika kwenye daftari la zamu kwamba kinga imefungwa kwa amri na yeye hajaridhika, akaandika hivyo kila siku kwa majuma manane, na daftari hilo tumeambiwa halionekani. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuacha kazi, nami nilimuuliza, akanijibu kwamba akiondoka atawekwa asiyejua, na ng'ambo ya ukuta wa boila kuna chumba cha kuoshea chupa, na humo kuna akina mama kumi na mmoja.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pampu ya maji ilishindwa, maji yakapotea kwenye kioo cha kupimia, na moto ukaendelea kuvuma kwa sababu kinga ilikuwa imefungwa. Mwenzake wa zamu, Twaibu, ambaye yupo hapa, ametusimulia kwamba marehemu hakuruhusu maji baridi yaingizwe, maana yangepasua kila kitu, alizima feni, akafungua mlango wa tanuru, akachukua reki ya chuma na kuanza kuvuta moto nje, kama alivyofundishwa na mzee Zahoro, huku akipaza sauti, "Twaibu, toa akina mama!" Mlango wa nyuma wa chumba kile ulikuwa na kufuli, eti kuzuia wizi wa juisi, kwa hiyo njia ilibaki moja tu, ya kupita nyuma ya mgongo wake, na wakapita, mmoja mmoja, naye akivuta moto bila kugeuka, wa mwisho akiwa Rahima, ambaye aliteleza, akanyanyuka, akatoka. Ndipo mrija ukapasuka, na mvuke na makaa vikatokea kwenye mlango ule aliokuwa amesimama mbele yake. Karatasi ya kiwanda inasema "alifungua mlango wa tanuru kinyume cha utaratibu". Ni kweli aliufungua.

Alipelekwa hospitali mjini Bukoba siku hiyo hiyo, tarehe 14 Machi akahamishiwa Mwanza, ambako alipigania uhai wake kwa siku tisa, akizungumza kidogo na Nancy, na akafariki dunia Jumapili tarehe 23 Machi 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Ameacha mjane, watoto wawili, ndugu wanne, na taarifa ya kiwanda ambayo mjane ametakiwa aisaini kabla ya Jumatatu ili, kwa maneno yenu, suala lifungwe. Joyness hajasaini na hatasaini, na msimfuate tena msibani na kalamu, maana mnatutia hasira ambayo mahali hapa hatukutaka kuwa nayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na Mwanza, ambao hawakulala kwa ajili ya mtu wasiyemjua, inawashukuru majirani wa Kibeta na wa Kanazi kwa maji, kuni, ndizi na kukesha nasi, na Waislamu wa mtaa wetu waliochimba kaburi pamoja na vijana wa usharika bila kuombwa. Uongozi wa kiwanda tumepokea shada lenu, mtalikuta pale kwenye kona ya uzio mtakapoondoka, mlichukue. Twaibu tunakushukuru kwa kusema, tukijua umeambiwa unyamaze.

Wamebaki wafanyakazi wenzake wa chumba cha chupa. Najua mko hapa, najua mmekuja na gari la kiwanda na mtarudi nalo, najua Meneja anawaona na Jumatatu mnaingia kazini, kwa hiyo sitamtaja mwingine yeyote kwa jina na sitamlazimisha yeyote. Nasema tu kwamba kiwanda kina taarifa yake, ya kurasa kumi na nne, yenye mihuri, nasi hatuna muhuri, tuna ninyi. Anayeona kwamba yuko hai kwa sababu Evarist Kyaruzi alifungua mlango ule, naomba asimame.

Asanteni. Kaeni, akina mama. Maneno hayo mawili, asanteni na kaeni, niliyaandika kabla sijatoka jikoni, sikuwa na shaka nanyi.

Kaka, wamesimama. Pumzika kwa amani.